Kifurushi Hakikuwa na Dawa

4 Juni

Kaka,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama. Ile chupa ya dawa ya kikohozi haikuwemo kwenye kifurushi.

Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Sasa nakusalimu. Hujambo? Magoti yanasemaje? Huku tuko wazima wa mwili, mimi na Mama, na paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba ukatuambia halitavuja tena.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu ni ya Mama, na kila ujumbe unaoingia anausoma kwa sauti. Halafu mimi kwenye simu nameza maneno, unajua. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenisubiri.

Siku ile Mama alikuja na chupa kutoka duka la dawa anakofanyia kazi, akaiviringisha ndani ya soksi zako za sufu, akanituma posta. Karani akakitikisa kifurushi, akauliza kama kuna kitu cha maji. Nikasema kipo. Akasema nikitoe au nirudi na vyote nyumbani. Nyuma yangu watu wa foleni walikuwa wanasonya. Nikaitoa, nikaitia kwenye mkoba, soksi zikaja kwako peke yake. Nilipanga kumwambia Mama, lakini nilipofika nyumbani nilimkuta ameshakupigia simu, anakuelekeza unywe vijiko vingapi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemuuguza mwanawe kwa mbali. Nikashindwa. Chupa iko kwenye sanduku langu chini ya madaftari ya shule, haijafunguliwa.

Basi Jumamosi mtangazaji wa michezo akasema kwamba umeieleza kamati ya mbio za baiskeli kuwa ile dawa ya kuongeza nguvu iliyoonekana kwenye mkojo wako ilitoka kwenye dawa ya kikohozi uliyotumiwa na familia yako. Mama alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe la dukani. Pasi ikabaki ilipokuwa mpaka mfuko ukaungua. Hakulia. Alisema, "Kumbe ni mimi." Akalikunja koti, akalirudisha kabatini na tundu lake.

Hukunywa dawa ile, Kaka. Basi ulikunywa nini, na kwa nini umesema vile? Labda wakili wenu alikuelewa vibaya. Niandikie neno moja tu la kumpa Mama, maana tangu siku hiyo anasoma maandishi madogo ya kila chupa inayopita mbele yake, hata ya sabuni ya vyombo.

Mdogo wako,
Kimya

*

17 Juni

Kimya, mdogo wangu,

Barua yako imefika, na imenikuta mzima kuliko habari zangu. Magoti yananiuliza kila asubuhi tunakwenda wapi, nayajibu hatuendi popote. Nimesimamishwa. Siruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu. Wenzangu wanatoka, nami nabaki dirishani nasikiliza minyororo ya baiskeli ikipotea barabarani. Jana mpishi wa timu ameniuliza kama bado nahesabiwa kwenye chakula cha mchana.

Kuhusu chupa, unaniambia leo. Nilikifungua kifurushi, nikavaa soksi, sikutafuta zaidi. Wakili wa timu aliponiuliza kama nyumbani walinitumia dawa yoyote, nikakumbuka simu ya Mama, nikajibu ndiyo. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasema kamati hupenda hadithi za kikohozi, hasa zikiwa na mama ndani yake. Tukiishikilia hiyo, adhabu itakuwa ya miezi michache badala ya miaka. Watakaa mwisho wa Julai kutoa hukumu.

Usinikasirikie kabla hujajua huku kukoje. Nahodha wetu alipimwa jioni ileile niliyopimwa mimi, chumba kilekile, na alikutwa na kitu kilekile. Umesikia jina lake redioni? Hutalisikia. Ana cheti cha daktari kwamba ana pumu, basi wakaandika kuwa ni suala la matibabu, likafungwa. Mimi habari zangu zilitangazwa kabla kamati haijanipigia simu. Nilizisikia kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi akaniuliza kama amalizie au niondoke hivyohivyo.

Sisi wabeba chupa ndivyo tulivyo. Kazi yetu ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa ndani ya jezi mpaka mgongo uwe na nundu, kupanda tena mbele kuwagawia wenzetu, na kumkinga Nahodha na upepo mpaka karibu na mwisho, ambapo yeye anatupita kwenda kupigwa picha. Kazi si mbaya. Ila likitokea jambo, utaona nani ana mwavuli na nani ana shati tu.

Mama usimwambie chochote. Ni miezi michache, yatapita. Msalimie sana.

Kaka yako

*

26 Juni

Kaka,

Salamu. Natumaini kinyozi alimalizia.

Umejaza kurasa mbili na hujajibu swali. Nimeisoma barua yako kama tulivyofundishwa kusoma mtihani, swali kwanza, halafu unatafuta jibu, na jibu halimo.

Umesema yatapita. Acha nikueleze yanavyopita. Jumatatu wakaguzi waliingia dukani kwa kina Mama, wakamuuliza mwenye duka ni nani humo anayewapa wanamichezo dawa zilizokatazwa. Mwenye duka, yuleyule aliyekuwa amebandika picha yako karibu na mizani na kumwambia kila mteja kwamba huyu ni mtoto wetu, akamnyooshea Mama kidole. Wakashusha rafu nzima ya dawa za kikohozi, wakasoma, wakauliza, hawakukuta kitu. Lakini walipoondoka, mwenye duka alimwambia Mama akapumzike nyumbani mpaka watu waache kusema. Picha yako ameitoa. Mama hakulalamikia kazi, alilalamikia picha tu, kwamba imetolewa vibaya na gundi imebaki ukutani.

Sasa yuko nyumbani anafua vitu vilivyo safi. Jirani yetu wa mbele, yule tunayemwita Redio, alikuja kumpa pole, na katika kumpa pole akauliza kama ile dawa imebaki kidogo, maana mwanawe ana mbio za shule. Alikuwa anatania. Mama akamjibu taratibu kwamba siku hizi hatoi dawa, akamwongezea chai. Redio akainywa yote.

Na wale watoto wa mtaani waliokuwa wanakimbia nyuma ya baiskeli yako wakikuita Chuma, sasa nikipita wanakohoa. Wanakohoa wote kwa pamoja kama kwaya. Mimi ninayeona haya hata kuuliza bei, jana nimewageukia nikawaambia wanyamaze. Walishangaa, nami nilishangaa, kisha wakakohoa tena.

Nahodha ana daktari. Timu ina wakili. Wewe una Mama. Mama ana nani?

Nakuuliza tena, na mara ya tatu sitauliza kwa upole. Ulikunywa nini? Kama ulitumia dawa kwa makusudi, niambie. Nitaumia, lakini nitakuwa naumia kwa kitu ninachokijua.

Mdogo wako,
Kimya

*

6 Julai

Mdogo wangu,

Mwili haujambo, mengine ndiyo hayo. Habari za duka sikuzijua. Kwenye simu Mama ananiambia amechukua likizo, na kwamba likizo ni nzuri, na anauliza kama ninakula.

Nakujibu. Nilikunywa maji ya Nahodha.

Ilikuwa siku ya mlima. Nilimpelekea chupa yake, ile yenye utepe mwekundu ambayo daktari wa timu humtayarishia peke yake. Akanywa nusu, akanirudishia. Utaratibu wetu ni kwamba kinachobaki kinatupwa kando ya barabara, na mashabiki wanagombania chupa. Wenzangu wote wanatupa. Lakini wewe unajua tulivyolelewa. Ukiacha maji kwenye kikombe, Mama anasimama juu yako mpaka umalize. Tangu nijiunge na timu hii sijawahi kutupa chupa yenye kitu ndani. Wananicheka, wananiita Pipa. Siku hiyo jua lilikuwa linachoma, ulimi umegeuka kitambaa, na nusu chupa iko mkononi. Nikaimaliza. Ilikuwa na uchungu kidogo. Nikadhani wamezidisha chumvi.

Jioni tukapimwa wote wawili. Cheti chake ni cha dawa ya kupuliza kinywani, kiasi kidogo, kwa ajili ya kifua. Hakisemi lolote kuhusu kunywa chupa nzima katikati ya mlima. Lakini alipokitoa, waliangalia muhuri, wakamrudishia. Mimi sikuwa na cha kutoa.

Baadaye alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akanishika bega. Akasema, "Sema ni ya nyumbani. Ukirudi nafasi yako ipo, nitaisimamia mimi." Alisema kwa upole, kama anavyoniomba nimpishe kwenye kona. Na miaka yote hii kazi yangu ni kumpisha. Nikampisha.

Nikisema ukweli, chupa sina, shahidi sina. Timu itanifukuza na kamati itasema nimebadilisha maneno. Nikinyamaza, mwakani nitakuwa barabarani. Sijui kazi nyingine, Kimya. Tangu nikiwa na umri wako najua kukanyaga tu.

Niambie wewe, ungekuwa mimi ungefanya nini?

Kaka yako

*

14 Julai

Kaka,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Nimekuamini. Nataka ulijue hilo kwanza, maana yanayofuata hayana utamu. Nimekuamini kwa sababu mwongo angetunga kitu chenye akili zaidi. Mtu wa kunywa makombo ya mwenzake ili yasipotee, huyo ni wa nyumba hii.

Jana Mama aliniita mezani, akanipa karatasi na kalamu, akasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wake. Anataka kuiandikia kamati. Maneno alikuwa ameshayapanga kichwani, labda tangu siku ya pasi: kwamba yeye ni mhudumu wa duka la dawa, kwamba alipaswa kujua alichokituma, kwamba mwanawe hana kosa na kama kuna adhabu apewe yeye. Nikamwambia wino umekwisha. Akaleta kalamu nyingine. Nikaandika, Kaka. Nimeuandika uongo wako kwa mkono wangu, na Mama ameweka sahihi chini yake, ile sahihi yake yenye mkia mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekumbuka kuweka "kwa heshima na taadhima".

Unaelewa maana yake? Mtu aliyekiri hivyo kwa maandishi hatashika tena kazi kwenye duka lolote la dawa. Unasema hujui kazi nyingine. Na yeye hajui nyingine, na hiyo ndiyo iliyokununulia baiskeli ya kwanza.

Bahasha ninayo mimi. Kila siku ananiuliza kama nimeituma, nami namwambia posta kuna foleni. Lakini Mama ana miguu yake.

Halafu unaniuliza mimi ningefanya nini. Mimi niliyemaliza shule juzi, ninayemwogopa karani wa posta. Mtu mzima mwenye mapaja kama magogo anamuuliza mtoto. Nimechoka, Kaka, nimechoka na wakili wenu, na cheti, na kila mtu anayesema yatapita huku yakipita juu ya mtu mmoja tu. Haya, nakujibu. Nahodha amezoea kupishwa. Mama hajawahi kupishwa na mtu. Mara hii mpishe yeye.

Kama kamati itakaribia kukaa na sijapata neno kutoka kwako, nitamwambia Mama mwenyewe.

Mdogo wako

*

19 Agosti

Kimya,

Najua umesubiri mpaka umechoka. Sikuandika kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa nimeshafanya. Kuahidi nimeahidi sana.

Nilikwenda mbele ya kamati bila wakili. Niliwaeleza yote, mlima, chupa, utepe, Nahodha kitandani kwangu. Niliwaambia hakuna dawa iliyotoka nyumbani, na kwamba niliwataja watu wa nyumbani kwa sababu ndio pekee ambao wasingeweza kusimama pale kunikanusha. Mmoja wao, mzee mwenye miwani ya kamba, aliniuliza kama kweli natarajia waamini kwamba mchezaji wa kulipwa anakunywa mabaki ili yasimwagike. Nikamwambia ndiyo, mzee, ndivyo nilivyolelewa. Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Wamenipa miaka miwili. Kwa hadithi ya kikohozi ingekuwa miezi minne. Mingine yote wameiongeza kwa sababu nilibadilisha maelezo. Kuhusu Nahodha, wamesema cheti chake kiko sawa na kwamba suala lake halikuwa mbele yao siku hiyo. Nikauliza litakuwa mbele yao lini. Wakaniambia niulize kwa maandishi. Nimeuliza kwa maandishi. Wamenijibu kwamba maandishi yangu yamepokelewa.

Timu imenitoa siku hiyohiyo. Jezi wamechukua zote, hata ile niliyokuwa nimekuwekea wewe. Nahodha nilikutana naye kwenye ngazi nikiwa na begi. Alikuwa anaangalia simu yake, na simu ilikuwa imezimwa.

Jambo moja niliwaomba kamati, wawaandikie wakaguzi wa huko kwamba Mama na duka hawahusiki kwa lolote. Hilo wamelifanya upesi, kwa kuwa haliwasumbui. Itakuwa imeshafika.

Sasa naosha baiskeli kwenye karakana moja ya huku mpaka nipate nauli. Mama mweleze unavyoona inafaa. Mimi nimejaribu kumpigia. Akisema tu haloo, nakata. Zamani nilikuwa nakucheka wewe.

Kaka yako

*

1 Septemba

Kaka,

Hujambo, na pole. Pole ya kweli, siyo ile ya Redio.

Barua yako haikuniwahi. Siku moja kabla ya kamati kukaa nilimwambia Mama yote, na la posta pia. Sauti yangu ilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, lakini haikukatika. Alinisikiliza, akaichukua bahasha mkononi mwangu, akaichana, akavitia vipande motoni chini ya sufuria. Kisha akakaa, akasimama, akakaa tena. Nilingoja alie. Unajua kilichomkera kuliko vyote? "Nilimfundisha amalize kilicho chake," akasema. "Cha watu nani alimwambia amalize?" Aliyarudia hayo siku nzima, akiosha vyombo, akianika nguo, akifunga madirisha. Akikuchoka wewe anamgeukia wakili ambaye hajawahi hata kumwona, akimchoka wakili anahamia kwa Nahodha, na kwa Nahodha alikaa sana. Nilikuwa sijui kama Mama anayajua maneno yale.

Tuliposikia miaka miwili, aliendelea kukunja nguo kana kwamba wametaja bei ya vitunguu. Hilo ndilo lililonitisha.

Mwenye duka amekuja mwenyewe hapa nyumbani, ameshika nakala ya barua ya wakaguzi kama vile yeye ndiye aliyeiandika. Akasema mambo yamekwisha, Mama aje kesho. Samahani hakusema. Mama akamwambia kesho hana nafasi, akamwacha angoje wiki nzima, akarudi kazini kwa hatua za mtu anayekwenda kutembea tu. Watoto bado wanakohoa, ila siku hizi kwa uvivu.

Jumapili Nahodha ameshinda mbio nyingine. Mtangazaji alimwita shujaa mwenye moyo wa mlima. Nilitaka kuzima redio, Mama akanizuia, akasikiliza mpaka shangwe zikaisha. Akauliza, "Na huyo anayembebea chupa sasa, ana mama?"

Sasa kuhusu wewe kurudi. Mama ametangaza, mbele yangu na mbele ya Redio, yaani mbele ya mtaa mzima, kwamba hataki kusikia sauti yako mpaka usimame sebuleni uombe radhi kwa mdomo wako, na hata hapo ataangalia. Ukisikia hivyo kwa watu, ni kweli amesema.

Lakini juzi nilirudi mapema nikamkuta chumbani kwako, amepanda juu ya kiti, anatundika mapazia mapya. Aliponiona hakushuka. Alisema mapazia ya zamani yalikuwa yanaingiza vumbi. Na simu ikilia ikakatwa, huwa haiweki chini upesi. Mara ya mwisho aliishika sikioni muda mrefu, kisha akaniambia kwamba kwa kusikia pumzi zako tu anajua huli vizuri. Amekusamehe, Kaka. Amekusamehe tangu siku ile ya kuzunguka na vyombo, nadhani, ila anasema ukijua mapema utaingia na kicheko chako na mambo yataishia hapo, na yeye anataka uje na hofu kidogo, itakufaa. Nimeapishwa nisikuambie.

Kwa hiyo ukifika ingia polepole. Simama mlangoni, usikae mpaka akuambie kaa. Akianza habari ya makombo mwache amalize, ni ndefu. Usiyasifu mapazia. Na usinitazame mimi wakati anasema, maana ukinitazama nitacheka na atajua. Haya niliyokuandikia yabaki kwako, hata tukizeeka. Tafadhali, Kaka, usinitaje.

Mdogo wako,
Kimya